Kwa nini makabati ya kale yalijaa L'Isle-sur-la-Sorgue

Mji wa L'Isle-sur-la-Sorgue, kusini mwa Ufaransa, una wakazi wapatao 20,000. Kwa mji wa ukubwa huo ungetarajia duka moja au mawili ya vitu vya kale, pengine jirani na kanisa, yenye saa za ukutani zilizokwisha kusimama na mwenye duka asiye na haraka. Badala yake wauzaji wa bidhaa hizo hutajwa kuwa karibu 300, na wenyeji hujinadi kwamba soko lao ni la tatu Ulaya nzima, nyuma ya Saint-Ouen pembeni mwa Paris na masoko ya London. Hiyo nafasi ya tatu mtu asiiapie. Miji inayojipa namba ni mingi. Lakini hata ukikata idadi nusu, swali linabaki palepale: kwa nini hapa? Avignon, umbali wa kilomita 25 hivi, ni mji mkubwa zaidi, una kasri la Mapapa na haukaukiwi wageni. Marseille ina bandari. Wauzaji wakaipita miji yote miwili, wakaenda kujazana kwenye mji mdogo uliozungukwa na mto.

Vipeperushi vya utalii hujibu kwa uzuri wa mahali: mifereji ya maji ya kijani, madaraja madogo, vivuli vya miti mikubwa kandokando ya maji. Uzuri upo, hakuna anayebisha. Ila eneo lote la Provence ni zuri, na vijiji vizuri visivyouza hata stuli moja ya kale vimejaa. Anayetaka sababu aanze na maji yenyewe, na kazi yaliyokuwa yakifanya.

Mto Sorgue hutokea Fontaine-de-Vaucluse, kilomita chache juu ya mji, kwenye chemchemi kubwa kuliko zote za Ufaransa. Maji huchomoza chini ya jabali kutoka shimo refu ajabu: mwaka 1985 chombo kidogo cha kuongozwa kwa waya ndicho kilichofika chini, mita 308. Kwa kuwa yanatoka ndani ya mwamba, maji hayo hukaa karibu nyuzi 13 za Selsiasi kiangazi na kipupwe, na mto haukauki wakati mito mingi ya Provence imebaki changarawe tupu. Mtu wa kawaida ataona hapo mahali pa kuoga miguu. Mwenye kinu aliona nguvu isiyolala. Watu wa L'Isle walichimba mifereji, wakaugawa mto mikono mikono katikati ya nyumba zao, wakafunga magurudumu ya maji. Katika karne ya 19 yalikuwa zaidi ya 60. Yalisaga nafaka na zeituni, yakazungusha mitambo ya sufu, hariri na karatasi. Leo yamebaki kama 14, yamevikwa kuvu la kijani nene kama zulia, yanazunguka polepole bila kusukuma chochote, na wageni huyapiga picha.

Kilichoyaachisha kazi kilitoka mbali. Mkoa wa Vaucluse, ulimo mji huu, ulikuwa nchi ya garance, mmea ambao mizizi yake ikisagwa hutoa rangi nyekundu. Jeshi la Ufaransa lilipoamua mwaka 1829 kuvalisha askari wake suruali nyekundu, wakulima wa huku walipata mteja wa uhakika. Mwishoni mwa miaka ya 1860 wanakemia wawili wa Kijerumani, Carl Graebe na Carl Liebermann, wakaitengeneza rangi ileile maabara, na haikupita miaka mingi garance ikakosa mnunuzi. Wakati huohuo ugonjwa ulikuwa ukiwamaliza viwavi wa hariri. Ndio uliomleta Louis Pasteur kusini, huko Alès, mwaka 1865. Akapata namna ya kuuzuia, lakini mwaka 1869 Mfereji wa Suez ukafunguliwa na hariri ya Asia ikaingia kwa bei isiyoshindika. Sufu ilijikongoja zaidi. Viwanda vyake vilifungwa kimoja kimoja ndani ya karne ya 20, isipokuwa Brun de Vian-Tiran, kilichoanzishwa 1808, ambacho mpaka leo kinafuma mablanketi mjini humo.

Tazama sasa kilichobaki. Majengo marefu yenye paa la juu, sakafu zilizojengwa kubeba mashine, milango mipana ya kuingizia mizigo, na kodi ya chini kwa sababu hakuna anayejua la kuyafanyia. Biashara ya samani za kale ina shida moja kubwa ambayo mteja haioni: inakula nafasi. Kabati la nguo la Kiprovence lina mita mbili na zaidi kwenda juu, na linaweza kukaa mwaka mzima kabla ya kupata mtu. Muuzaji anayelipia kila mita ya mraba kwa bei ya katikati ya Avignon hawezi kusubiri hivyo. Katika kiwanda kilichokufa anaweza. Ndiyo maana nasema soko la L'Isle lilizaliwa na viwanda vilivyofungwa. Uzuri wa mifereji ulikuja kusaidia baadaye.

Maonyesho ya kwanza ya vitu vya kale yalifanyika mwaka 1966. Ratiba ikaja kutulia kwenye misimu miwili: Pasaka, na siku za kuzunguka tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, wakati nusu ya Ufaransa iko likizo kusini. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 likaja wazo lililobadilisha mambo zaidi ya maonyesho yenyewe. Wauzaji wengi waliingia chini ya paa moja, kila mmoja na kibanda chake, wakagawana kodi, ulinzi na mlango wa mbele. Mkusanyiko wa namna hiyo huitwa kijiji. Kinachojulikana zaidi, Village des Antiquaires de la Gare, kiko jirani na stesheni ya treni katika jengo lililokuwa la ufumaji. Kingine, Île aux Brocantes, kimejificha nyuma ya daraja dogo kwenye barabara ya avenue des Quatre Otages. Barabara hiyohiyo ndiyo hujaa meza za wauzaji wadogo kila Jumapili: vijiko vya fedha, mashuka ya kitani yaliyotariziwa herufi za majina ya maharusi waliokwisha kufa, mabango ya bati ya sabuni na mvinyo, funguo zisizo na makufuli.

Kuna anayeshangaa kwa nini mtu aweke duka la makabati mlango kwa mlango na mshindani wake. Aliyewahi kununua kitu Kariakoo hawezi kushangaa. Mtaa wa vitambaa una vitambaa, wa vipuri una vipuri, na mteja huenda akijua kwamba akikosa hapa atapata hatua tatu mbele. Kwa vitu vya kale faida hiyo ni kubwa maradufu, kwa sababu hakuna viwili vinavyofanana kabisa. Mbunifu wa mapambo ya nyumba anayetoka Marekani kutafuta meza ya kijijini ya mita tatu hawezi kuiagiza kwa namba ya katalogi. Inabidi azione thelathini ndipo apate ya kwake. Asafiri kwenda mahali penye moja? Anakuja penye mia, anajaza kontena, kampuni ya usafirishaji inakusanya mizigo ya maduka kumi kwa safari moja. Halafu kuna biashara wasiyoiona watalii kabisa, ya wauzaji wenyewe kwa wenyewe. Mwenye kioo kizuri lakini hana mteja wa vioo humuuzia jirani mwenye wateja hao. Kitu kinaweza kubadilisha mikono mara tatu kabla ya kufika sebuleni kwa mtu, kikianzia kwenye soko la alfajiri la wafanyabiashara peke yao, Avignon, Béziers au Montpellier, ambako magari hufunguliwa milango kwa wakati mmoja na kitu kizuri huondoka ndani ya dakika chache.

Wanunuzi nao wana historia yao. Kuanzia miaka ya 1960 watu wa Paris, kisha Waingereza, Wabelgiji na Wamarekani, walianza kununua nyumba za mawe zilizohamwa katika milima ya Luberon, mwendo mfupi kutoka L'Isle. Mwaka 1989 Mwingereza Peter Mayle akachapisha A Year in Provence, kitabu kilichouza mamilioni ya nakala na kuongeza wimbi hilo. Mwaka 2001 treni ya kasi ikaifanya Paris iwe saa mbili na dakika arobaini kutoka Avignon. Kila nyumba iliyonunuliwa ilikuwa tupu, na mwenyewe alitaka ionekane kama haijawahi kuwa tupu. Kuna kichekesho kidogo hapo. Warithi wa mkulima waliuza kabati la bibi yao kwa bei ya kutupa ili wanunue la kisasa lenye milango ya plastiki, na yule wa Paris akalinunua kabati hilohilo kwa bei mbaya, akalirudisha katika nyumba ileile ya mawe.

Chini ya historia hii kuna nyingine ya zamani zaidi, ambayo wauzaji wenyewe huitaja mara chache. Kuanzia 1274 hadi 1791 L'Isle haikuwa ya mfalme wa Ufaransa. Ilikuwa sehemu ya Comtat Venaissin, ardhi ya Papa. Wayahudi walipofukuzwa katika ufalme, na baadaye Provence, waliruhusiwa kubaki katika miji minne tu ya eneo hili: Avignon, Carpentras, Cavaillon na L'Isle. Waliruhusiwa kwa masharti. Walifungiwa kwenye mtaa wao, na amri ya Papa Paulo wa Nne ya mwaka 1555 iliwazuia biashara karibu zote isipokuwa ya vitu vilivyokwisha kutumika, hasa nguo kuukuu. Kwa zaidi ya miaka 200, kununua, kushona, kusafisha na kuuza tena kilichochakaa ilikuwa riziki waliyoachiwa. Mapinduzi ya Ufaransa yalipowapa haki ya kukaa popote, wengi walihamia miji mikubwa, na katika karne ya 19 sinagogi lao likabomolewa. Sidhani yupo awezaye kuchora mstari ulionyooka kutoka kwao hadi kwa wauzaji wa leo. Lakini anayezunguka mjini Jumapili na kusifu macho makali ya watu wa huku katika kutambua thamani ya kilichotupwa, ni haki ajue kwamba kuna waliolazimishwa kuwa na macho hayo.

Sasa tuingie ndani ya kibanda kimoja, tusimame mbele ya kabati fupi la droo tatu, la mbao ya jozi, lililoandikwa kuwa la karne ya 18. Mteja mgeni hupiga hatua mbili nyuma kulitazama umbo. Mzoefu huchomoa droo, huigeuza juu chini. Kwenye kona, meno yanayoshikanisha mbao mbili yakiwa sawasawa kama yamepigwa chapa, ni mashine. Fundi wa mkono hakuweza kukata meno mawili yanayolingana kabisa, wala hakujali, kwa kuwa hayaonekani. Mgongoni mwa kabati hutafutwa alama za msumeno. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka yenye kwenda kombo kidogo, wa duara huacha michirizi ya upinde, na huo wa duara ni mgeni wa karne ya 19. Kama uso umebandikwa vinia, yaani utando wa mbao, unene wake unasema mengi: iliyopasuliwa kwa mkono huzidi milimita moja, ya mashine ni nyembamba kama karatasi ngumu. Vitundu vya wadudu waliobungua mbao havithibitishi kitu, kwani walaghai huvitoboa, na mdudu naye habagui mbao mpya na ya zamani. Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha meza ya duara. Mbao hukauka na kusinyaa kwa upana wake, si kwa urefu, kwa hiyo meza ya duara ya miaka 200 ukiipima kwa utepe pande mbili si duara tena. Hilo kulighushi ni kazi.

Juu ya ukingo, mara nyingi upande usioonekana, mzoefu hutafuta pia jina lililogongwa kwa chuma cha moto au nyundo. Chama cha mafundi wa samani wa Paris kiliwalazimisha mabingwa kugonga majina yao kwa kanuni zilizotungwa 1743 na kuanza kutumika 1751. Kando ya jina huonekana herufi JME, alama ya ukaguzi wa chama. Mapinduzi yalivifuta vyama hivyo mwaka 1791. Kabati la Kiprovence kwa kawaida halina alama hiyo, kwa kuwa mafundi wa huku hawakuwa chini ya Paris, kwa hiyo ukiikuta juu ya kabati la kijijini shuku kwanza, furahi baadaye. Alama yenyewe haimpi mtu usingizi wa kutosha. Mwaka 2016 Ufaransa ilitikisika ilipobainika kwamba viti vilivyonunuliwa na kasri la Versailles kuwa vya karne ya 18 vilikuwa vimetengenezwa juzijuzi, kazi ya mtaalamu aliyeheshimika na mchongaji hodari. Mahakama ya Pontoise iliwatia hatiani mwaka 2025. Ikiwa Versailles ilidanganyika, mwenye likizo ya siku tatu na awe mnyenyekevu.

Kwenye vibanda vya vitambaa, tazama pamba za maua madogo madogo, nyekundu na buluu, ambazo wengi huziona kama roho ya Provence. Asili yake ni India. Zilipoingia kwa wingi Marseille katika karne ya 17, viwanda vya hariri na sufu vya ufalme vililalamika, na mwaka 1686 mfalme akapiga marufuku kuziingiza na hata kuziiga. Marufuku ikadumu hadi 1759. Avignon, kwa kuwa ilikuwa ya Papa, iliendelea kuchapa bila wasiwasi hadi 1734, na magendo yakawa utajiri. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatakiona kitambaa hicho kigeni sana; vitambaa vya Gujarat vilishuka kwenye bandari za Waswahili karne nyingi kabla ya yeyote kuchapa maua Marseille.

Kiungo kingine na kwetu ni kizito zaidi. Katika makabati ya vioo utaona visanduku vya kutilia sindano, visu vya kukatia karatasi, vitasa vya fimbo, funguo za piano, vyote vya pembe za ndovu. Ndovu wa Afrika Magharibi na Kati walitoa sehemu kubwa ya pembe zilizofika Ufaransa, lakini katika karne ya 19 soko kubwa la pembe duniani lilikuwa Unguja, na pembe nyingi zilizouzwa hapo zilikuwa zimebebwa mabegani mwa watu kutoka Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa hadi Bagamoyo. Kibandiko cha bei hakisemi hayo. Sheria ndiyo imeanza kuuliza, ingawa kwa sababu ya ndovu na wala si ya wapagazi. Ufaransa ilizuia biashara ya pembe za ndovu na za kifaru kwa amri ya Agosti 2016, ikiacha milango michache, na tangu 2022 kanuni za Ulaya zinataka cheti hata kwa kitu kilichochongwa kabla ya Machi 1947. Muuzaji makini atakionyesha cheti kabla hujakiuliza.

Tukirudi kwenye bei: umri hauziamui kama watu wanavyodhani. Forodha huhesabu kitu kuwa cha kale kikizidi miaka 100, lakini samani nzito za karne ya 19, zile za mbao nyeusi zilizojaza nyumba za matabibu na wanasheria wa mikoani, zimeporomoka vibaya kwa miaka 20 au zaidi. Watoto wanakaa kwenye fleti. Kabati la mita mbili na nusu halipandi lifti. Wakati huohuo viti vya chuma na mbao vya mbunifu Jean Prouvé na kazi za mbunifu mwenzake Charlotte Perriand, za katikati ya karne ya 20 na zilizokusudiwa shule na mabweni, zimepaa hadi kwenye minada mikubwa. Wauzaji wa L'Isle wamefuata upepo. Banda lililokuwa na makabati ya jozi sasa lina taa za miaka ya 1970, kaunta za baa za zinki, vyungu vikubwa vya Anduze na viti vya bustani vya chuma kilichoshika kutu kwa adabu. Mimi binafsi naona huu ndio wakati wa kununua kabati la jozi, kwa mwenye dari ndefu.

Anayekwenda kununua, tofauti na anayekwenda kutembea, inamfaa kujua mambo mawili ya sheria. Kila muuzaji wa vitu vilivyotumika, awe wa duka la kifahari au wa meza ya Jumapili, lazima awe na daftari la polisi linaloonyesha kila kitu alichonunua na kutoka kwa nani. Kutokuwa nalo ni kifungo cha hadi miezi sita na faini ya hadi euro 30,000. Raia wa kawaida anayeuza vya nyumbani kwake hahitaji daftari, ila haruhusiwi kushiriki magulio hayo zaidi ya mara mbili kwa mwaka. La pili ni agizo la tarehe 3 Machi 1981, linalompa mnunuzi haki ya kudai risiti yenye maelezo ya kitu: asili yake, kimetengenezwa kwa nini, ni cha lini. Ikiandikwa kuwa ni kiti cha zama za Mfalme Louis XV, muuzaji amejifunga kisheria kwamba kilitengenezwa zama hizo. Ikiandikwa ni cha mtindo wa Louis XV, hajakuahidi chochote isipokuwa umbo, hata kama mdomoni alisema mengine. Jumapili asubuhi umati ni mkubwa na hakuna mwenye muda wa kukuandikia mambo hayo vizuri. Maduka mengi hufungua pia Jumamosi na Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku ambayo bei husikia maneno.